Hesabu ya Mitomondo

Nyuma ya Konde, pale njia ya Ngezi inapoanza kunuka majani mabichi,
kuna bonde. Wenyewe twaliita Kwa Chumu.
Mchana hutasimama kulitazama:
matope, majaruba, chura asiyemaliza maneno yake,
na ukingoni mwa mto vichaka kumi na kimoja
vimeinama
kama watu waliodondosha pete majini.

Mama huutaja mti huo kwa ulimi uliogota menoni: ntomondo.
Skuli nikafunzwa kuandika mtomondo.
Ule wa daftarini haukuwahi kutoa ua.

Kitendawili, alisema siku moja tukipalilia.
Tega.
Nina bibi harusi, huvaa usiku,
kukicha nguo zake zi majini.
Nikataja mwezi. Nikataja taa.
Nikamtaja hata shangazi Riziki, aliyeachika siku ya saba.
Mama akacheka hadi jembe likamponyoka.
Nipe mji.
Nikampa Chake, akaukataa. Nikampa Wete, akaupokea,
akaninyooshea kidole mtoni:
nyuzi nyeupe, zenye uwaridi kidogo,
maelfu, zikizunguka polepole penye kisiki.

Baba aliujua mti huu kwa upande mwingine.
Tunda lake, lenye pembe kama pia ya mtoto,
alilitwanga katika kinu kisichotwangiwa chakula,
akaumwaga utupa kwenye dimbwi lililoachwa na mto wakati wa kiangazi.
Kambare walipanda juu midomo wazi
kama wanaotaka kuuliza kitu.
Mimi nilishika kikapu. Niliwaokota wakubwa.
Wadogo sikuwahesabu.

Gome lilifunga matita ya kuni.
Mzizi ulichemshwa kwa homa. Kama uliponya sijui;
najua ulikuwa mchungu, na mimi nipo.

Mwaka wa mfereji akaja Asaa Sharboko,
na futi ya chuma na kopo la rangi nyekundu.
Kijana wa watu, mwenye adabu, viatu kavishika mkononi.
Alisema mfereji utapanuliwa mita nne.
Alisema, hivi vichaka, kwenye karatasi havina faida.
Mama hakubishana naye.
Njoo baada ya isha.

Akaja kweli, na tochi.
Izime, akaambiwa.
Tukakaa juu ya tuta, mbu wakitula bila haraka.
Mwezi ulikuwa wa kumi na mbili, ulitosha.
Kwanza ikaja harufu.
Kisha vishada, virefu kama tasbihi, vikafunguka tembe kwa tembe,
na nondo wanene wakatugonga mashavu wakipita.
Popo akashuka, mbawa kama mwavuli uliogoma kufunga,
akazamisha uso mzima uani,
akahamia kichaka cha pili, cha tatu,
akipeleka salamu asizozijua.

Kila usiku? akanong'ona Asaa.
Mama akamjibu: Mwenye futi si wewe?

Msije mkadhani bonde liliokolewa.
Kigingi kilisogea hatua tatu.
Vichaka sita vilikatwa, vitano vikabaki.
Masika yalipokuja, ukingo ukamong'onyoka pale palipokatwa,
ukaondoka na jaruba la Bi Time, mpunga ukiwa unachanua.
Penye vile vitano maji yalipita yakinung'unika,
udongo ukakaa.
Asubuhi chozi bado huja kunyonya maua yaliyochelewa kuanguka,
na kenge hulala chini yake kama mwenye hati ya kiwanja.

Sasa kuna tomondo moja limekwama kwenye tuta la Mama.
Lilikuja na maji, likachipua majani mawili ya rangi ya shaba.
Litautia mpunga kivuli, analalamika. Litaniletea panya.
Kila asubuhi anakwenda na jembe,
analima kulia, analima kushoto,
analizunguka.
Kesho nitaling'oa, anasema.

Mwezi wa tatu huu.
Majani tisa. Haya nimeyahesabu.